Matairi Yakiliwa Upande wa Ndani, Tazama Bushi Kwanza

Yako magonjwa ya gari yanayojitangaza yenyewe. Breki zikilia kila mtu husikia, na injini ikitoa moshi hata mpita njia hukuonyesha kidole. Lakini upo ugonjwa mwingine unaokaa kimya nyuma ya gari, ukala matairi na fedha za nyumbani, huku mwenye gari akiwalaumu wauza matairi, barabara, na hata gunia la mkaa alilolibeba juzi. Ugonjwa huo ni kuchakaa kwa bushi za nyuma, yaani vile vipande vya mpira vilivyoshindiliwa katika ncha za mikono ya chuma inayoshika gurudumu.

Juma hili nitaieleza habari hiyo kwa kutumia gari moja, nalo ni Subaru Impreza WRX ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1992 na kuendelea hadi 2000. Gari hili halihitaji kutambulishwa kwetu. Waliosimama kando ya njia za Safari Rally huko Kenya waliiona Impreza ikishinda mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na tena mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Vijana wengi walipenda gari kwa sababu ya vumbi lile. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba magari yale ya mashindano yalikuwa na kundi zima la mafundi nyuma yake, na kifaa kilichochoka kilibadilishwa kabla hakijavunjika. La kwako linangojea mshahara.

Nalo limezeeka. Impreza ya kizazi hicho iliyo changa kabisa imepita miaka 20. Nyingi zimeshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa zikiwa zimekwisha tumika kwao, zikapita mikononi mwa wenyeji wawili au watatu, na kijana aliyeinunua kwa ajili ya mwendo leo ana mke na watoto, na gari ni lile lile. Asubuhi linapeleka watoto shule, Jumamosi linakwenda sokoni, na mwisho wa mwaka linapakiwa mizigo kwenda kuwaona wazee. Mpira wa bushi haujui kwamba gari lilikuwa la sifa. Unahesabu miaka, joto na mashimo tu.

Ukichuchumaa nyuma ya gari hili na kutazama ndani ya gurudumu utaona springi na shokapu vikiwa vimesimama pamoja. Chini yake utaona mikono miwili myembamba iliyokingama, kutoka kwenye boriti ya chuma iliyo katikati ya gari hadi kwenye chuma kinachoshika habu. Mkono wa tatu unaelekea mbele, na kazi yake ni kulizuia gurudumu lisirudi nyuma wala kusogea mbele. Mikono hiyo mitatu ndiyo inayoliambia gurudumu litazame wapi. Katika maungio yake ndimo zilimo bushi.

Bushi yenyewe ni kitu kidogo, chaweza kufichwa katika kiganja. Ina bomba la chuma nje na bomba jembamba la chuma ndani, na katikati yake umegandishwa mpira kwa joto hata ukashikamana na chuma pande zote mbili. Bolti hupita ndani ya lile bomba jembamba na kulibana lisizunguke. Hapa ndipo wengi hukosea, hata baadhi ya mafundi. Bushi ya namna hii haizunguki kama beringi. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota kidogo na kurudi mahali pake, kama mtu anayegeuza shingo bila kugeuza mabega. Kwa hiyo haihitaji oili wala grisi. Fundi akikwambia amezipaka oili bushi zako ili zisilie, ujue ameanza kuziua, maana mafuta ya petroli hulainisha mpira na kuuvimbisha mpaka uoze.

Katika gari la mwendo kazi ya mpira huo ni kubwa zaidi. Impreza WRX huzungusha magurudumu yote manne, na injini yake ina tabo. Ukikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma husukuma mikono mbele. Ukikanyaga breki, huivuta nyuma. Kila tuta la barabarani ni sokoto moja, kila shimo ni pigo moja. Mpira ukiwa mzima hupokea yote hayo na kulirudisha gurudumu mahali pake. Ukipasuka, gurudumu huanza kujiamulia. Wakati wa kuondoka hutazama upande mmoja na wakati wa kusimama hutazama upande mwingine, ingawa usukani umeshikwa sawasawa.

Hasara ya matairi twaweza kuikadiria kwa hesabu ya karatasi. Tuseme gurudumu moja la nyuma limepinda nusu digrii tu kutoka njia yake, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Katika kila kilometa moja ya safari, tairi hilo linalazimishwa kukwaruzwa ubavuni kiasi cha meta 9 hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilometa zipatazo 190. Basi mpaka ufike na kununua nyanya, tairi lako limekwisha buruzwa ubavu zaidi ya kilometa moja na nusu juu ya lami yenye joto. Si ajabu upande wake wa ndani unakuwa na meno kama msumeno ilhali upande wa nje bado una maua mapya. Na kwa kuwa ulioliwa ni upande wa ndani, uliofichwa chini ya gari, mwenye gari hutazama maua ya nje akaridhika.

Nina jirani yangu, mfanyakazi wa kiwandani, aliyenunua matairi mawili ya nyuma mara mbili katika muda usiozidi mwaka. Aliambiwa dukani kwamba barabara za siku hizi ni mbaya. Akaenda kunyooshewa magurudumu, kazi ambayo gerejini huitwa alaimenti. Akalipa, akapewa karatasi yenye tarakimu nzuri, na baada ya wiki chache gari likaanza tena kuyumba nyuma. Mkewe, ambaye huketi kiti cha nyuma na mtoto mchanga, alikuwa amesema tangu masika kwamba kuna kitu kinagonga chini ya miguu yake kila wakivuka matuta. Mwenye gari, akiwa mbele na redio imefunguliwa, hakusikia kitu. Kisha siku moja ya mvua, akishuka mteremko wenye kona na familia nzima ndani, aliondoa mguu kwenye mafuta ghafula kwa sababu ya mwendesha baiskeli, na nyuma ya gari ikasogea nje kama mkia wa samaki. Walinusurika. Baiskeli nayo ilinusurika. Jumatatu yake alikwenda Gerezani.

“Fundi,” alisema, “nataka matairi ya mtumba yaliyo imara, haya mapya hayadumu.”

“Mzee, matairi hayana kosa,” alijibu fundi, kijana wa umri wa mwanawe. “Njoo uchungulie huku chini.”

Alichoonyeshwa ni bomba la ndani la bushi ambalo halikuwa tena katikati. Lilikuwa limeegemea upande mmoja, chuma kikigusa chuma kwa kung'aa, na mpira umebaki vipande kama soli ya ndala iliyokwisha. Alaimenti aliyokuwa akiilipia ilifanywa gari likiwa limesimama. Likianza kutembea kila kipimo kiliyeyuka, kwani hapakuwa na kitu cha kukishikilia.

Uchunguzi huo kila mwenye gari aweza kuufanya, au kumsimamia fundi akiufanya. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki, kisha uliegemeze gari juu ya stendi za chuma kabla mtu hajaingiza kichwa chini. Jeki peke yake haitoshi. Matofali pia hayatoshi, maana tofali la saruji hupasuka bila kutoa taarifa, na watoto wafukuzwe uani mpaka kazi iishe. Shika gurudumu kwa mikono miwili, kulia na kushoto, ulitikise. Kisha mwingine aendelee kulitikisa, nawe ukiwa na tochi utazame kila ungio. Chukua mtaimbo mdogo, uusukume kwa upole kati ya mkono na boriti. Mpira mzima hukataa kidogo na kurudi. Uliokufa huruhusu chuma kicheze. Nyufa ndogo juu ya ngozi ya mpira ni uzee wa kawaida na si hukumu ya kifo. Lakini ufa uliozunguka, bomba lililohama katikati, au vumbi jekundu la kutu kando ya bolti, hapo usingoje mwisho wa mwezi mwingine. Ukiyaona upande mmoja, badili pande zote mbili, kwani za upande wa pili zina umri ule ule.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Mtu atakushawishi ununue mkono mzima wa mtumba uliotoka Japani pamoja na bushi zake. Ni rahisi kufunga, na kama mkono wako umepinda au umeliwa na kutu hauna budi kufikiria hivyo. Lakini mpira uliomo ndani ya mkono huo umezeeka sawa na wako, pengine zaidi. Utakuwa umenunua uzee wa mtu mwingine. Mimi ningemshauri mfanyakazi anunue bushi mpya na kulipia kazi ya presi.

Vijana nao watataka zile bushi ngumu za plastiki iitwayo poliyurethani, ambazo mara nyingi zina rangi nyekundu au njano, kwa kuwa zinatumika katika magari ya mashindano. Hazisemi uongo: gari hushika kona vizuri zaidi, na oili haizidhuru kama inavyoudhuru mpira. Lakini hizo huzunguka juu ya bomba lake, tofauti na za mpira, kwa hiyo zinahitaji grisi yake maalumu. Zikikauka au zikiingiwa na mchanga hulia kama kitanda cha zamani, na mtetemo wote wa barabara hupanda hadi kwenye kiti. Kwa gari linalobeba mtoto mchanga na bibi yake kupita njia za vumbi, sioni faida. Mpira wa kawaida ulio bora unatosha, na dereva anayetaka zaidi ya hapo apunguze mwendo.

Kazi yenyewe ina adui mmoja mkubwa. Katika Impreza hii, bolti moja ndefu hupita katika kile chuma cha habu na kuzishika ncha za nje za mikono yote miwili iliyokingama. Kwa miaka yote hiyo maji na chumvi vimeingia humo, na bolti imeungana na mabomba ya bushi kama ndugu wa tumbo moja. Nati itafunguka vizuri, utafurahi, kisha bolti itakataa kutoka. Gari lililokaa pwani, au lililotoka katika zile sehemu za Japani zenye theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, ndilo baya zaidi. Kwa hiyo kazi hii huanza siku mbili tatu kabla, kwa kunyunyizia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Siku ya kazi, zungusha bolti kidogo kidogo mbele na nyuma, rudishia nati katika ncha yake kabla ya kupiga nyundo ili uzi usiharibike, na uwe na subira. Ikishindikana kabisa, ikatwe kwa msumeno katikati ya mikono na chuma cha habu, na mpya iwe imekwisha nunuliwa. Ni bora kununua bolti hiyo mapema kuliko kulaza gari gerejini juma zima.

Wengine hukimbilia gesi. Moto hulegeza kutu, hilo ni kweli, lakini kumbuka tangi la petroli liko nyuma hapo karibu, na mipira ya breki inapita kando. Mpira wa bushi ukiungua hutoa moshi mweusi usiofaa kuvutwa na mtu yeyote. Kama hapana njia nyingine, sehemu hiyo ifunguliwe na kutolewa kwenye gari kwanza, ichomwe mbali, mahali penye upepo. Fundi anayewasha gesi chini ya gari lenye tangi lililojaa, ukiwa umekaa ndani unasubiri, mshukuru na uondoke.

Kabla ya kulegeza chochote, fanya mambo mawili ambayo hayagharimu hata senti. La kwanza: bolti ya ndani ya mkono wa nyuma katika ile mikono miwili ina kichwa cha duara ambacho kitovu chake hakiko katikati. Ndiyo inayolipinda gurudumu ndani au nje. Ichore kwa patasi au rangi ili irudi pale pale ilipokuwa. La pili: gari likiwa chini, juu ya magurudumu yake, mahali tambarare na bila mzigo, chukua utepe wa kupimia upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Andika kipimo hicho kwa kila upande. Utakihitaji, nami nitaeleza sababu yake.

Bushi ya zamani hutolewa kwa presi. Asiye na presi hukata bomba la nje kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, kwa uangalifu asiingie kwenye mkono wenyewe, kisha hulipiga kwa tindo likajikunja. Kabla ya kuitoa, tazama ilivyolala: bushi nyingine zina nafasi tupu ndani ya mpira au alama ya kuonyesha upande, na ikiingizwa kinyume haitafanya kazi iliyokusudiwa. Mpya isukumwe kwa bomba lake la nje, kamwe si kwa mpira wala kwa bomba la ndani, na ikiwa ngumu ipakwe maji ya sabuni.

Kisha inakuja hatua inayoharibu kazi nyingi nzuri. Mikono imekwisha rudi, gari bado liko juu ya stendi, magurudumu yananing'inia, jua linazama, na fundi anachukua spana ndefu na kukaza kila bolti mpaka mwisho. Amekwisha zibana zile bushi katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa mikono hupanda, na mpira unasokotwa digrii nyingi kabla hata gari halijaondoka. Tangu hapo hauna mapumziko. Ukiwa umesimama kanisani au msikitini, bushi zako ziko kazini. Zikifika tutani hazina tena nafasi ya kujisokota, hupasuka, na baada ya miezi michache mwenye gari hurudi akisema bushi za siku hizi ni bandia. Huenda zilikuwa halali kabisa.

Njia sahihi ni kuzikaza bolti kwa kiasi tu gari likiwa juu, kisha magurudumu yabebe uzito ndipo zikazwe hadi mwisho. Penye shimo la gereji kazi hii ni rahisi, kwani gari husimama kwa miguu yake mwenyewe na fundi hufanya kazi chini. Pasipo na shimo, gari likiwa bado salama juu ya stendi, jeki ya pili huwekwa chini ya chuma cha habu na kuliinua gurudumu polepole mpaka kile kipimo cha utepe ulichokiandika kipatikane tena, ndipo bolti zikazwe. Zikazwe kwa spana ya kipimo na kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari hilo, si kwa nguvu za kifua. Nati za kujikaza zisirudiwe. Zikifunguliwa mara moja, ziwekwe mpya.

Jirani yangu alishika utepe mwenyewe siku hiyo. Fundi alicheka kidogo, lakini alikubali, na nilivyoona hakuchukia kuwa na mteja anayeuliza.

Baada ya hapo ndipo alaimenti, na ianze nyuma. Magurudumu ya nyuma yakiwa hayatazami mbele sawasawa, gari hutembea kama kaa, mwili upande huu na safari upande ule, na dereva hushikilia usukani uliopinda ili aende moja kwa moja. Ukinyoosha ya mbele kwanza utakuwa unayalinganisha na kosa la nyuma. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, uitunze pamoja na kadi ya gari. Matairi yaliyokwisha liwa upande mmoja hayataponywa na bushi mpya, wala yasihamishiwe mbele kwa tamaa ya kuyamalizia. Baada ya wiki moja au mbili za kutembea, rudi bolti zote zikaguliwe tena kwa spana ya kipimo, gari likiwa limesimama chini, na umwombe anayeketi kiti cha nyuma akwambie anasikia nini mnapovuka tuta.